Mbegu ya Paka wa Waisiko

Shangazi yangu Waisiko, mjane wa kijiji cha Gorong'a, anajulikana kwa paka kuliko kwa ng'ombe. Ni paka wa rangi ya sungura mwitu, manyoya mafupi yamelala mwilini, hayashiki kupe wala kishonanguo. Mama yake alikuja nao kwa kikapu alipoolewa. Panya wa ghala la shangazi hawazeeki.

Ana kiburi nao, tena kingi. Kila uzao alichagua dume bora, akamwita Werema, fundi wa kuhasi ng'ombe, amhasi ili asizurure. Dume aliyehasiwa hukaa ghalani mpaka kufa. Wale dhaifu hakuwajali, waliachwa waende watakako.

Mwaka juzi vikaanza kuzaliwa vitoto vya manyoya marefu, vivivu, panya anapita vinamtazama. Shangazi akalaumu paka wa jirani, kisha akanilaumu mimi, kwa kuwa niliwahi kuleta paka kutoka Sirari, ingawa alikuwa jike na alikaa siku mbili tu. Mwisho akabaki dume mmoja mwenye manyoya ya zamani, Mgambo. Huyo akipotea, mbegu ya mama yake imekwisha. Alinieleza hayo akilia.

Pamoja na hayo, Mgambo alipokomaa, akamwita Werema. Mazoea yana taabu.

Werema alikuja asubuhi. Akiwa ananoa kisu, akauliza yule ndama dume mwekundu atahasiwa lini.

"Huyo ndiye baba wa zizi," shangazi akasema. "Nani anahasi aliye bora?"

Kisha akamtazama Mgambo ndani ya gunia, kichwa tu nje. Ng'ombe wake miaka arobaini wamezaa na madume bora. Paka wamezaa na mabaki.

"Werema," akasema, "mimi ndiye niliyewamaliza."

Akafungua gunia. Werema akanywa chai yake, akaondoka.

Mgambo alitoweka wiki hiyo hiyo. Panya wakatoboa magunia mawili, na shangazi, ambaye angegombana na nchi nzima kwa gunia moja, hakuyatazama. Alikuwa akimwita Mgambo mpaka ng'ambo ya mto. Paka hakurudi.

Baada ya miezi minne, Boke, mke wa jirani wa ng'ambo, alikuja na kitoto cha paka ndani ya khanga. Akasalimia shikamoo, akasema paka wake amezaa watatu wa namna hii, na huyu dume ndiye mkali kuliko wote. Shangazi alikipapasa mgongoni, manyoya mafupi, yamelala. Machozi yakamtoka.

Boke akauliza amwambie Werema aje lini.

"Asije," shangazi akasema. "Huyu ni baba wa zizi."