Ardhi Ilipotetemeka Sale

Nilifunga safari kwa sababu ya simu ya mdogo wangu Paskalina, aliyeolewa Sale. Alikuwa amejifungua karibuni, na alikuwa akilala nje na mtoto.

"Ardhi inatetemeka, kaka. Tangu hao watu wa gesi waje kuchimba, nyumba imepasuka. Njoo utuchukue."

Asubuhi niliondoka Rhotia. Kutoka Mto wa Mbu gari lilishika njia ya vumbi ya Engaruka, hadi Mlima wa Mungu, ule wa volkano, ukatokea kushoto kwetu. Mama mmoja aliyeketi karibu nami aliunyooshea kidole.

"Huo umetutikisa tangu enzi za babu zetu. Lakini sasa hao wachimbaji wanauchokoza."

Alasiri nilifika Sale. Paskalina alikuwa uani, chini ya turubai, mtoto kifuani. Kabla hata sijanywa maji nilianza kumweleza kwamba matetemeko ya bonde la ufa ni ya asili. Alinisikiliza kwa adabu, lakini ndani hakuingia.

Jumapili, tulipotoka kanisani, niliingia ndani kunywa chai. Vikombe vikaanza kugongana. Nilitoka mbio, nikamkuta Paskalina amemkumbatia mtoto.

"Umeona?" nikasema nikihema. "Leo mashine zimezimwa. Si wao!"

"Shimo halijazibwa, kaka."

Niliketi kando yake chini ya turubai.

Kesho yake shemeji Saitoti alinipeleka kambini kwa wachimbaji. Mtaalamu wao wa miamba, dada mmoja mpole, alikubali kuja nyumbani. Alipitisha kidole kwenye ufa wa ukuta, kisha akaketi na Paskalina.

"Shimo letu ni jembamba, mama, na miamba hatujaipasua. Sidhani ni sisi. Lakini ardhi itatikisika tena lini, sijui."

"Mbona hamkutuambia kabla ya kuchimba?"

"Tulizungumza na viongozi."

"Viongozi hawalali humu."

Yule dada aliinamisha kichwa. "Ni kweli. Tulikosea."

Siku zilizofuata, mimi na shemeji tuliubomoa ule ukuta wa matofali, tukajenga wa fito na udongo, mwepesi. Paskalina akaingiza godoro ndani mwenyewe.

"Rudi tu nyumbani, kaka," akasema. "Sisi tutakaa."

Nilirudi Rhotia peke yangu. Majirani huniuliza kama ni mashine zinazotikisa ardhi, nawaambia sidhani. Ila nimejifunza kwamba maelezo yangu, hata kama yalikuwa sahihi, hayakumwondoa mdogo wangu uani. Aliingia ndani baada ya mtu kuja mpaka kwake, akamsikiliza, akamwambia, "Sijui."