Bunduki ya Tembo Chini ya Kitanda Chetu

Mume wangu aliileta nyumbani ikiwa imefungwa kwa blanketi la kijivu, akaiweka juu ya kitanda polepole kama anayelaza mgonjwa. Bendera ilikuwa imebadilishwa mwaka uliotangulia. Mzungu aliyekuwa bwana wake katika kazi ya uwindaji upande wa Kitale alikuwa amefunga mizigo kurudi kwao, na kabla ya kuondoka akamwachia bunduki yake kubwa, ile ya kuulia tembo na nyati. Afisa wa polisi pale Busia alimuuliza maswali mengi, mwisho akampa leseni, kwa sababu viboko wa mto Sio walikuwa wanamaliza mihogo ya watu na chifu mwenyewe alikuwa amemwombea.

Alipofungua lile blanketi nilirudi nyuma mpaka mgongo wangu ukagusa ukuta. Bunduki nilikuwa nimeziona kwa askari wa mpakani, nyembamba, wanazining'iniza begani kama jembe. Hii haikufanana nazo. Ilikuwa na mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, mizito, myeusi yenye ubuluu kidogo kama shingo ya njiwa, na kitako cha mti uliosuguliwa mpaka unaona uso wako. Risasi moja ilijaa kiganja changu chote. Alinipa niishike, nami nikaishika kama mtu anavyoshika yai la nyoka, nikamrudishia.

"Itakaa wapi?" nikamuuliza.

"Chini ya kitanda. Ndani ya sanduku la chuma, na kufuli."

"Kitanda chetu hiki?"

"Tuna kingine?"

Basi nikawa nalala juu yake. Watu husema bunduki haiwezi kujifyatua yenyewe, nami nilijua hivyo, lakini kujua hakukunisaidia. Nilikuwa nimezaa mara mbili wakati huo, na kila mtoto alipotambaa kuelekea lile sanduku nilimrukia nikamvuta nyuma. Niliwazoesha kuliogopa. Niliwaambia ndani yake kuna mnyama amelala, na sikuona kwamba nawadanganya.

Siku moja nilimuuliza mume wangu sababu. Viboko walikuwa sababu ya leseni, lakini sikuamini kwamba walikuwa sababu yake yeye. Alikuwa ameketi mlangoni, bunduki imefunguliwa katikati kama zinavyofunguka zile za mitutu miwili, anapitisha kitambaa chenye mafuta ndani ya mtutu mmoja, anachungulia mwanga, anapitisha tena.

"Nimeibeba hii miaka mingi," akasema. "Milimani, kwa matope, kwa jua. Mimi ndiye niliyeisafisha. Mimi ndiye niliyeona mnyama kwanza. Halafu ikifika ile dakika yenyewe, nanyoosha mkono nampa mtu mwingine. Kila mara. Nilikuwa najiuliza yeye anasikia nini."

"Na wewe sasa umesikia?"

"Jumapili utasikia na wewe."

Jumapili hiyo alipiga kichuguu kilichokuwa nyuma ya shamba letu la mtama. Sauti yake siwezi kuifananisha na radi, maana radi hutangulia kuonya kwa mwanga. Hii ilikuja mara moja, ikapita tumboni kabla ya kufika masikioni. Ng'ombe wa jirani walikata kamba. Udongo mwekundu uliruka juu ukabaki hewani kama moshi, na upande wa pili wa mto, huko Uganda, mbwa wakaanza kubweka kijiji baada ya kijiji, mpaka sauti zao zikapotelea mbali. Mume wangu alikuwa amesukumwa hatua nzima nyuma. Akageuka akanitazama. Nilikuwa nimeolewa naye miaka kadhaa na sikuwahi kumwona na uso ule, uso wa mtu aliyeitwa kwa jina lake baada ya muda mrefu.

Tangu hapo watu wakaanza kuja. Alikuja mwalimu, akaja karani wa forodha, akaja chifu na ndugu zake. Kila mmoja alisema amepita tu kusalimia, na kila mmoja, baada ya chai, aliuliza kama inawezekana kuiona. Niliwatazama kutoka jikoni. Walikuwa wanaume wa heshima, wazee wa kanisa, lakini wakishaishika sauti zao zilishuka na vidole vyao vikaanza kupapasa ule mti na chuma kile kwa namna ambayo niliona aibu kutazama. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuirudisha.

Aliyeipenda kuliko wote alikuwa mzee mmoja Mwislamu mwenye duka la vitambaa na chumvi mjini Busia. Wazee wake walifika huku kutoka Pwani zamani na misafara, na yeye alikuwa na lori lililokwenda Malaba na kurudi. Alikuwa mpole sana, mtu wa kuondoa siafu njiani kwa kijiti asiwakanyage. Siku aliyopiga kwa mara ya kwanza, bunduki ilimrudi, dole gumba lake mwenyewe likampiga puani. Damu ilitiririka ikaharibu kanzu yake nyeupe. Nilikimbia na maji nikidhani nitamkuta analia. Alikuwa amekaa chini kwenye mtama, damu mpaka kifuani, anacheka kama kijana.

"Mama," akaniambia, "nimeishi bure miaka yote hii."

Kicheko kile kilinitisha kuliko mlio wenyewe.

Halafu mume wangu akasema lazima nami nijue. Yeye husafiri, akasema, na mnyama hangojei mwenye nyumba arudi. Nilikataa, akasema tena, nikakataa tena, mwishowe nikasimama mbele ya kichuguu kile. Alisimama nyuma yangu, akanibana kitako begani, akaniambia nisifunge macho na nisivute kwa nguvu, nikamue tu kama ninayekamua chuchu ya mbuzi. Nilikamua. Dunia ilinipiga. Nilijikuta nimekaa chini, masikio yanalia, bega limekufa ganzi, na kwenye kichuguu palikuwa na shimo ambalo ungeweza kuingiza sufuria. Mimi ndiye niliyelitoboa. Nilikuwa nimesimama mbali kiasi kile, na nimelitoboa.

Nilitaka tena. Hilo ndilo lililonifanya nisimame, nimpe bunduki yake, niingie ndani. Mpaka siku hiyo nilikuwa naogopa kitu kilichomo sandukuni. Baadaye nilipolala juu yake niliogopa pia mikono yangu.

Mvua za masika zilizofuata zilikuwa kubwa. Mto Sio ulifurika, ukameza mafunjo, na dume moja la kiboko likahamia upande wetu. Tuliona nyayo zake kwenye viazi vya watu, pana kama masinia. Asubuhi moja jirani yangu, mwanamke tuliyekuwa tukienda naye sokoni Chakol kila mara, alishuka kutoa mihogo aliyokuwa ameiloweka mtoni. Kiboko alikuwa amesimama kati yake na njia. Sitaeleza tulivyomkuta. Nitasema tu kwamba kikapu chake kilikuwa kizima, na mihogo ilikuwa bado ndani.

Chifu alikuja siku ya mazishi, akamwambia mume wangu, "Sasa ndiyo kazi ya hiyo kitu yako."

Walishuka kesho yake, jua likiwa limeshatoka. Mume wangu alibeba bunduki, na mzee wa duka, aliyeomba sana aende, alibeba mfuko wa risasi za akiba. Nilimwona mume wangu akitia risasi mbili na kufunga, nikasikia ule mlio mdogo wa chuma kukutana na chuma. Alikuwa na furaha. Alijaribu kuificha kwa sababu ya msiba, lakini mimi nilimjua.

Wanawake walikuja kukaa nami uani. Tulikuwa tunamenya njugu. Mlio ukaja, mmoja. Kuku wote walikimbilia chini ya ghala. Tukangoja wa pili, kwa sababu alikuwa ameniambia kila mara, mnyama mkubwa hupigwa wa pili hata kama ameanguka. Wa pili haukuja. Njugu zilikuwa zinaniponyoka vidoleni.

Mwishowe mzee wa duka akatokea kwenye mihogo, hana kiatu hata kimoja, mfuko wa risasi bado unamning'inia shingoni. Alishika nguzo ya ghala na pumzi zikamkataa.

"Amempiga," akasema. "Amempiga lakini hakuanguka. Alitujia."

"Baba watoto yuko wapi?"

"Sijui, mama. Nilikimbia. Nisamehe, miguu ilikimbia yenyewe."

Wanawake walinishika, wakasema ningoje wanaume. Sikwenda kwa ushujaa. Nilikwenda kwa sababu kukaa pale na kungoja kulikuwa kunaniua. Nilishuka kwa njia tuliyopita kila siku na mitungi, na kila jani lililotikisika lilikuwa kiboko. Kwenye mafunjo niliona njia mpya, pana, mafunjo yamelazwa, na damu juu yake nyeusi yenye povu. Niliita kwa sauti ndogo. Mume wangu akajibu kwa sauti ndogo zaidi.

"Usisimame. Tambaa."

Nilimkuta ameketi kwenye maji ya magoti, mgongo kwenye kichaka. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka mahali ambapo bega halipaswi kuwa. Kiboko alikuwa amempitia, akamrusha pembeni kwa ubavu wake tu. Bunduki aliishikilia juu ya maji kwa mkono wa kushoto.

"Yuko hapo," akasema, akaonyesha kwa kidevu.

Nilisikiliza. Nyuma ya ukuta wa mafunjo, karibu kama mlango ulivyo na jiko, kitu kilikuwa kinavuta pumzi. Kilivuta, kikakaa, kikatoa kwa mkoromo wenye maji ndani yake. Alikuwa kati yetu na njia ya nyumbani. Nyuma yetu ulikuwa mto.

"Mtutu mmoja una risasi," akaninong'oneza. "Mkono wangu haunyanyuki. Chukua."

"Siwezi."

"Najua. Chukua."

Niliichukua. Ilikuwa baridi na nzito kuliko siku ile ya kichuguu. Tulikaa. Sijui kwa muda gani. Ruba walinipanda miguuni nikawaacha. Nilitamani kiboko afe kimya kimya pale pale alipo, asituone, aende zake na Mungu wake. Nilisali hivyo. Na hapo hapo, chini ya sala, nilisikia kidole changu kikiwa tayari kwenye chuma, kimetulia kabisa, wakati mwili mwingine wote unatetemeka.

Mafunjo yakafunguka. Sikuona kiboko mzima. Niliona mdomo, na ndani yake rangi ya waridi kama ya mtoto mchanga, na meno. Nilikamua.

Nilipozinduka nilikuwa chali majini, mume wangu amenishika nguo asiniachie, na wimbi zito linatupita. Kiboko alikuwa ameingia mtoni. Maji yalichemka mahali pamoja, yakatulia.

Yule mzee wa duka alikuwa amerudi, jambo ambalo sikulitarajia. Alikuwa ameshuka na wanaume wote wa kijiji, yeye mbele, bado miguu mitupu. Alimpakia mume wangu kwenye lori lake mpaka hospitali ya misheni, akiendesha taratibu na kuomba radhi kwa kila shimo.

Kesho yake kiboko alielea upande wa Uganda, na watu wa huko wakamgawana kabla ya sisi kuvuka. Walituletea paja kwa mtumbwi, kwa heshima. Walisema walikuta matundu mawili, moja shingoni na moja puani, na wakauliza ni nani aliyepiga lipi. Mume wangu, mkono umefungwa shingoni, akawaambia hata yeye hajui. Nilimshukuru kwa hilo. Nyama nilipika kwa ajili ya wageni, ila mimi mwenyewe ilinishinda.

Bega lake halikurudi sawasawa. Hakuweza tena kuinua kitu kizito juu ya kifua, na bunduki ile haikuwa kitu cha kupigwa na mtu mwenye bega moja. Nilidhani ataiacha iende. Badala yake aliendelea kuisafisha kwa mkono wa kushoto, akiibana kati ya magoti, na mara moja moja, Jumapili, aliniomba niipige yeye akiwa amesimama kando, kwa sababu chuma kisichopigwa, alisema, huota kutu. Nilipiga. Kila mara niliogopa tangu Ijumaa, sikula vizuri, niliwapeleka watoto kwa mama yangu. Na kila mara baada ya mlio nilibaki nimesimama nikitazama vumbi, naye akinitazama mimi, na hakuna kati yetu aliyetaka kuwa wa kwanza kusema twende nyumbani.

Baadaye serikali ilikataa kuongeza muda wa leseni. Walikuja askari wawili na Landrover, vijana wenye adabu, wakaniita mama, wakanywa chai. Mume wangu hakuweza kubeba sanduku kwa ule mkono, kwa hiyo nilibeba mimi mpaka garini. Mmoja wa wale askari alilifungua kukagua. Akaichukua bunduki, akaipima uzito, akaelekeza mitutu juu kwenye mwembe wetu, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Hii, mama," akasema, "inapigaje?"

Nilimwambia airudishe sandukuni, na nikasimama hapo mpaka alipoirudisha.