Michoro Kumi na Miwili

Claudette Ninahazwe aliingia kwenye kituo cha utafiti wa ziwa, hapo Uvira, kuosha chupa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, ametoka Lubarika kwenye mpunga, amepanga chumba Kasenga. Kazi yake ilikuwa kubadilisha dawa ndani ya chupa za kuhifadhia samaki, dawa kali inayochoma macho kama pilipili. Siku ya tatu akaona jambo lililomsumbua. Samaki aliyeingia chupani na ubavu wa manjano na mistari ya buluu, baada ya siku mbili alikuwa mweupe pe kama maiti iliyokwisha kuoshwa. Hakuna aliyeandika popote kwamba alikuwa na manjano. Claudette akanunua kalamu za rangi za watoto wa shule, akaanza kuwachora samaki kabla hawajatiwa dawa. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyemkataza.

Miaka thelathini na mitatu ikaenda hivyo. Wavuvi wa Makobola wakinasa samaki wasiyemjua walimfunga kwa jani la mgomba na kumpelekea. Alichora mukeke, alichora kuhe, alichora na wale wadogo wa kwenye mawe ambao hawana jina kwa lugha yoyote. Kila pezi alilipima kwa rula, magamba akayahesabu, chini akaandika tarehe na mahali. Wageni waliokuja kusoma walipiga picha michoro yake, wakashukuru, wakaenda zao. Kwenye karatasi za kituo cheo chake kilibaki kilekile: mfanyakazi wa usafi.

Aliyesikia redioni kwamba serikali inatafuta majina kwa tuzo ya taifa ya sanaa na sayansi ni Jean-Berchmans, katibu wa kituo, mtu wa makamo mwenye mwandiko mzuri na subira nyingi. Alijaza dosie ya maombi ya Mama Claudette upande wa sayansi. Jibu lilikuja baada ya miezi minane: michoro inapendeza, lakini mwombaji hana diplomu, na kuchora ni sanaa. Mwaka uliofuata akaijaza upande wa sanaa. Safari hii waliandika kwamba kazi hii imepimwa kwa rula na kujaa namba, msanii huongeza kitu cha moyoni mwake, basi hii ni sayansi.

Barua hiyo ya pili Claudette alisomewa na katibu akiwa anasugua chupa. Akacheka kidogo, kisha akatafuta pa kukaa.

“Basi minye ni nani?” aliuliza, akijigusa kifua.

Jean-Berchmans aliikunja barua, akairudisha kwenye bahasha. Mwanzoni Claudette hakuitaka tuzo. Hakujua hata kama ipo. Lakini asiyealikwa karamuni hulala vizuri. Anayelala na njaa ni yule aliyeitwa akaachwa mlangoni.

Mwaka wa tatu katibu aliwaandikia pande zote mbili, akawaomba wakae meza moja. Wakakaa. Mwishoni mwa Mei barua ikafika: wamekubali, ila michoro kumi na miwili ya asili, yenye rangi, ifike Kinshasa kabla ya Julai kwisha, na ibaki huko mikononi mwa serikali.

“Mama Claudette, hii mara ni ya kweli,” alisema Jean-Berchmans.

Jumamosi asubuhi walitandaza michoro mezani. Claudette akachagua kumi na miwili, akarudisha mmoja, akarudisha mwingine. Mmoja ulikuwa wa kasamaki ka mawe ya Makobola, kenye wekundu chini ya kidevu. Tangu tope la mvua kubwa lifunike yale mawe, miaka kumi na tisa sasa, hakuna aliyekaona tena. Ndani ya chupa kilibaki kitu cheupe tu. Karatasi ile ikienda, nani atajua wekundu ule? Tena alikumbuka darubini ya kituo iliyopelekwa mbali kutengenezwa wakati yeye ananyonyesha mtoto wake wa kwanza. Mtoto huyo sasa ni mama, na darubini haijarudi.

“Hizi siwezi kutoa,” alisema. “Nitachora zingine kumi na mbili.”

“Lakini muda iko mudogo, Mama.”

“Nitachora.”

Ila ziwa lilikuwa limefungwa. Miezi mitatu uvuvi ulikatazwa ili samaki wazae, na sokoni palibaki ndagala wakavu tu. Akajaribu kunakili michoro yake ya zamani. Mkono wake ulimjua samaki, haukuijua karatasi; kilichotoka kilikuwa sawa kwa vipimo na kimekufa. Alichana minne. Kila siku, ikifika saa nne asubuhi, macho yake yaliyochomwa na dawa miaka yote ile yalikuwa yameshaanza kutoa machozi. Jean-Berchmans alimsihi atume ya asili, wakabishana bila kupaza sauti, na kwa siku mbili salamu zao zilikuwa za adabu tu. Julai ikaisha.

Novemba walipata taarifa kwamba tuzo ya mwaka huo imepewa wengine, na mwombaji anaruhusiwa kuanza upya. Jean-Berchmans alikuwa ameshatoa fomu mpya. Claudette akaweka kiganja juu ya fomu hiyo.

“Acha, Berchmans. Nimechoka. Si samaki bananichokesha. Ni kuelezea watu minye ni nani.”

Katibu aliomba msamaha. Alidhani anamtendea heshima. Claudette akamwambia alimtendea kweli, kwa kuwa katika miaka yote ile ni yeye peke yake aliyeliandika jina lake zima kwenye karatasi yenye muhuri.

Desemba aliomba likizo, ya kwanza kwa miaka tisa, akaenda Lubarika kwa mdogo wake Fabiola. Alikuta mavuno ya mpunga. Fabiola, huku akipiga miganda kwa fimbo, aliuliza kama ni kweli serikali ilitaka kumpa tuzo. Claudette akasema ni kweli, ilikaribia, ikapita.

“Na ilikuuma, yaya?” aliuliza, kama mdogo anavyomwita dada yake mkubwa.

“Iliniuma,” alisema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulitamka.

Fabiola aliweka fimbo chini. Alivuta mkeka hadi kivulini mwa nyumba, akamwambia ajinyooshe, mpunga utapigwa bila yeye. Claudette akalala na kitenge chake cha kanisani, viatu mguuni. Alizisikia fimbo zikishuka juu ya miganda, akazihesabu chache, usingizi ukamchukua, hata jua lilipozunguka na kufika miguuni pake hakuamka.