Mtungi wa Upepo wa Mkwe Wangu

Chekeni, chekeni tu, mie mwenyewe nikikumbuka najifunika kanga usoni. Mandawa nzima siku hizi naitwa Bibi Kifaranga, na jina nimejitafutia kwa mikono yangu hii.

Mkwe wangu, mume wa Zuhura, kazi yake kupiga mbizi, kule chini kabisa zilikolala meli zilizozama. Alikuwa anakwenda kazini Mtwara, akapita kwangu maana mjukuu anatoka jandoni. Akashusha mtungi mkubwa kwenye gari, akauweka kivulini nyuma ya nyumba. (Mie na mkwe hatuonani uso kwa uso, ndiyo heshima yetu, akija sharti akohoe nijifiche.) Basi akamtuma Zuhura: "Mwambie mama huo mtungi asiuguse mtu. Ni heliamu, inatoka ng'ambo kwa meli, tumeingoja miezi, na bei yake usiulize. Kule chini hewa ya kawaida inalewesha kama uraka wa mabibo, bila hiyo sishuki." Nikacheka, upepo gani wa kununua, na hapa unatupepetea ufuta bure!

Sasa maputo ya sherehe nimepuliza matatu tu, mashavu yanauma, pumzi kwisha. Nikautazama ule mtungi. Nikasema, kidogo tu, nani atajua? Nikazungusha kile kifungulio, loo, shiiii! kama nyoka, nikajaza puto, likanichoropoka likaenda zake juu ya mikorosho, watoto yowe, wageni mbio kuja kunishangilia, na mie kichwa kikanivimba nikajaza jingine na jingine, lakini kufunga ndiyo sikujua, mtungi ukalia weee mpaka ukanyamaza wenyewe.

Mara, "Khoo! Khoo!" Mkwe! Nikatumbukia ndani, puto la mwisho nimeling'ata mdomoni.

"Nani kafungua mtungi?"

Nikasema hapa naiga sauti ya jirani yangu Bi Somoe, ile nzito kama kinu kinatwanga (sauti za watu naziweza, mnanijua). Nikavuta pumzi, puto lote likanimwagikia kooni. "Mama mkweo kaenda kisimani!"

Ikatoka sauti ya kifaranga.

Kumbe Bi Somoe mwenyewe kasimama pale uani: "Haa! Ndiyo sauti yangu hiyo?"

Watu walianguka kwa kicheko. Mkwe naye kacheka mpaka kachuchumaa, halafu akaugonga mtungi, akashika kichwa. "Safari imekufa, mama."

Basi korosho zangu za msimu huu zimekwenda kununua upepo, na mkwe bado anaingoja meli. Mie sasa mtungi nikiukuta uani, hata wa maji, naukoholea kwanza.