Sahihi ya Mtu Aliyelala

Lori la kokoto lilimfuata mama pale pale alipokuwa amekaa na ndizi zake sokoni Ngaramtoni, nje kabisa ya barabara. Breki zilikataa kwenye mteremko, likaacha lami na kumbana mguu mtaroni. Nilipopigiwa simu nilikuwa Lemara, nashona sare za shule. Nilifika hospitali madaktari wameshaamua kwamba mguu wa kulia hauponi, unakatwa juu ya goti.

Siku iliyofuata upasuaji nilichelewa kufika wodini kwa kuzunguka mjini kutafuta dawa. Nikamkuta mama amelala, midomo imemkauka, na kando ya kitanda pana mfuko wa machungwa. Nikamshika mkono. Kidole gumba kilikuwa na wino wa bluu.

Nikamwuliza muuguzi nani alikuwa hapa.

"Kijana mmoja wa kampuni yenye lori," akasema. "Alisema amekuja kutoa pole. Nilimwambia mgonjwa bado ana dawa za usingizi, asimchoshe."

Mama alipoamka alikumbuka kidogo tu. "Alinisalimia shikamoo. Akasema ni karatasi ya hospitali. Nikampa mkono." Mama hasomi. Kiswahili anakisikia, lakini mambo mazito huyasema kwa Kiarusha, na kijana yule hakumtafutia wa kumfasiria.

Nilikwenda ofisini kwao. Kijana akanikaribisha kiti kwa heshima zote, akanionyesha nakala: mama amepokea pole, amesamehe, hatadai chochote popote.

"Dada, mama mwenyewe ameridhia," akasema. "Tumeyamaliza kifamilia."

Kifamilia. Sijawahi kulichukia neno kama siku ile.

"Mama alikuwa hajui hata kwamba mguu haupo," nikamwambia. Akainamia simu yake.

Jirani ndiye aliyenipeleka Kimandolu, kwa wakili mwanamke anayewasaidia watu wasio na uwezo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. "Karatasi hiyo isikutishe," akasema. "Mtu aliyelala haridhii kitu. Lakini nitahitaji watu wa kusimama na kusema." Muuguzi alikubali kusema.

Wa pili sikumtegemea. Dereva wa lile lori alipanda mlimani kwa miguu hadi nyumbani kwetu, akasimama kwenye migomba akikataa kukaa. Nilikuwa nimemchukia kwa miezi.

"Shikamoo mama," akasema. "Nilimwambia bosi breki zimeisha. Akasema nipeleke mzigo ule kwanza. Sasa wanataka niseme ulikuwa unakatiza barabara. Nimekataa, wamenifukuza."

"Marahaba. Kaa, unywe chai," mama akamwambia. "Halafu ukayaseme hayo mahakamani."

Kesi iliahirishwa na kuahirishwa. Mara wakili wa kampuni anaumwa, mara faili halionekani. Kila tarehe tulimteremsha mama kwa gari la kukodi, tukambeba kwenye ngazi za mahakama, tukaambiwa turudi. Sikuona mtu yeyote wa kampuni akiona haya.

Zamu ya mama ilipofika, wakili wao akamwuliza kama kuna mtu aliyemlazimisha. Mama akajibu kwa Kiarusha, mkalimani akafasiri: "Nilimwuliza kijana mbona siusikii mguu wangu. Akaniambia, mama, bonyeza hapa kwanza." Hata mimi nilikuwa sijawahi kulisikia hilo. Wakili wao akasema hana swali jingine.

Hakimu aliikataa karatasi ile. Dereva alieleza habari ya breki, na mwishowe bima ya lori ikalipa. Mama ana mguu wa bandia sasa. Anatembea nao uani, akichoka anauvua. Sokoni hataki tena kwenda. Mwenye kampuni hakuwahi kuja kumtazama, na yule kijana bado yuko kazini kwake. Kanisani wananiambia nishukuru, yameisha. Nashukuru. Ila nikiwaza mtu mzima anaingia wodini na kidau cha wino mfukoni, moyo unanichemka upya.

Siku hizi nikisikia lori limejeruhi mtu huku kwetu, nafunga cherehani naenda hospitali kuwatafuta ndugu zake. Nawaambia wapeane zamu kando ya kitanda, na yeyote anayetoka kwenye kampuni aanze kwa wakili. Wengine hunishangaa, maana hawanijui. Namba ya wakili nawaachia hivyo hivyo.