Mkaza Mwana Aliyefika Fainali

“Minye nasema hapana, na nikishasema hapana, hata askofu akuje na fimbo yake, nitamwambia hapana,” Shangazi Célestine alisema, akichukua kipande kingine cha muhogo kwenye sahani ambayo hakukaribishwa. “Mkaza mwana hakai mbele ya baba mkwe wake, goti kwa goti, akamwambia mfalme wako amekufa. Muntu wa namna hiyo anatafuta radi.”

“Mfalme ni kijiti, shangazi,” Mapendo alijibu bila kuinua kichwa. “Hafi. Anarudishwa mu kisanduku.”

“Leo kijiti. Kesho presha inamkamata baba ya batu, tutaenda kusema mu matanga kama aliuliwa na kijiti?”

Mapendo akatwanga sombe kwa nguvu ambayo majani yale ya muhogo hayakustahili. Tangu jua lichomoze, shangazi huyu wa mume wake alikuwa amekaa jikoni kwake, hapa Rugenge, akisema neno lilelile na kulivisha nguo mpya kila mara. Kesho yake, kwenye sale, ule ukumbi wa parokia, ilikuwa fainali ya sataranji ya mji wa Uvira, mchezo ambao vijana wa hapa wanauita echeki. Atakayeshinda atapanda ndege kwenda Kinshasa kucheza na mabingwa wa nchi nzima. Waliobaki walikuwa wawili tu. Mmoja ni Mapendo. Wa pili ni Mzee Jean-Berchmans, mvuvi aliyepumzika, bingwa wa siku nyingi, baba mzazi wa Gracien, mume wa Mapendo. Baba mkwe, kwa ufupi. Na baba mkwe, mkaza mwana mwenye adabu hamtazami machoni. Hali naye sahani moja. Hampi kitu mkono kwa mkono, anakiweka chini, mzee akiokote mwenyewe. Jina lake halitamki hata nyumba ikiwaka moto.

Na adabu Mapendo alikuwa nayo, hilo hata Shangazi Célestine hakuweza kulikana. Jina la mkwe alilikwepa mpaka kanisani. Siku ya kusoma somo akikuta waraka wa Yohane, alisema “waraka wa yule kijana aliyependwa na Bwana,” kwa sababu Yohane na Jean ni jina moja, na padri akazoea. Shida haikuwa adabu. Shida ni kwamba alijua kucheza, tena kupita kiasi.

Alijifunza angali msichana mdogo, mama yake alipomtoa Makobola akamleta mjini kuchambua maharagwe katika duka la Wahindi karibu na soko. Mwenye duka alikuwa bwana mpole, muuza sufuria na vitambaa. Mkewe walimwita Mama Hansa. Sasa huyo Mama Hansa, huko kwao India, alikuwa bingwa mkuu mwenye cheo chake, si wa kujipakaza. Pasipoti yake ilikuwa nene kama kitabu cha misa, kwa mihuri ya nchi alikopita akiwapiga wanaume. Kuna mzungu mmoja alimpiga mpaka ndevu zikamwanguka ndani ya kikombe cha chai, naye kwa mawazo akazinywa bila kujua. Asiyeamini aende Makobola akaulize. Mama yake Mapendo aliisimulia hivyo mpaka anaingia kaburini, na mtu anayeingia kaburini hana sababu ya kudanganya.

Lakini Mama Hansa aliolewa, na ukoo wa mume ukaona si vizuri bibi arusi kuwafunga wajomba wa bwana arusi sebuleni, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayekamua mbuzi. Akaletwa huku ziwani kuuza sufuria. Sataranji yake ikalala juu ya kabati, chini ya majora ya vitambaa, mpaka siku Mapendo alipoifuta vumbi na kuuliza huyu farasi anakula nini.

Akafundishwa. Mama Hansa alikuwa mwalimu wa hasira za karibu. Ukigusa kete, unaicheza. Ukigusa ukaghairi, unatukanwa kwa Kihindi mpaka wateja wanatoka dukani. Siku moja Mapendo alimuuliza kwa nini aliacha kucheza na wakubwa wenzake. Yule mama akafikiri kidogo, akasema, “Nilichoka kueleza,” akaendelea kupima kitambaa cha mteja. Walipofunga duka na kuhamia Bujumbura, alimwachia Mapendo ile sataranji, imepungua askari mmoja, ambaye mahali pake pamekaliwa na kizibo cha chupa mpaka leo.

Kuanzia hapo Mapendo alipiga watu. Hakuna neno lingine la kutumia. Alipiga walimu, alipiga wanajeshi, alipiga vijana wa motari juu ya pikipiki zao wakingoja abiria, abiria nao wakangoja mchezo uishe. Alikwenda Bwegera wakati wa mpunga akampiga Sévère, mkulima mmoja aliyejigamba uwanda wote wa Ruzizi. Waliowekwa kufukuza ndege wakaacha shamba waje kutazama, ndege wakala mpunga mpaka wakashindwa kuruka, watu wakawa wanawaokota kwa vikapu kama maembe yaliyoanguka. Sévère mpaka leo anasema ni jua lilimpiga machoni. Mchezo ulichezwa ndani ya nyumba.

Mtu mmoja tu alimtoa jasho, mvuvi Jean-Berchmans. Jioni, mzee akishaanika nyavu, walikaa kwenye benchi ya klabu ya echeki, yeye na yule msichana, wakachezana mpaka mikeke, samaki wa mzee, ikaanza kunuka ndani ya ndoo. Leo anashinda huyu, kesho yule. Na walitukanana vizuri, bila kinyongo.

“Weye musichana, malkia wako anatembea sawa mulevi,” mzee alikuwa akisema.

“Na mfalme wako, mzee, naona anatafuta kiti.”

Gracien alikuwa akimletea baba yake chakula pale. Akamwona Mapendo, akaanza kuleta chakula hata siku ambazo baba yake ameshakula, na yaliyofuata ni ya kawaida. Mahari ikapokelewa, ngoma ikachezwa, na siku hiyohiyo mzee akawa mkwe. Benchi ikaisha. Miaka yote ya ndoa hawakukaa tena meza moja. Wanasema mzee alimwambia mwanawe siku ya harusi, “Umeoa vizuri. Lakini umeninyang’anya muntu wa kucheza naye,” na watu wakacheka wakidhani ni mzaha wa kinywaji. Mzee hakuwa amekunywa.

Klabu nao wakaishi kwa ujanja. Mapendo akikaribia fainali, mzee alikamatwa na malaria. Mzee akikaribia, Mapendo alipata ubatizo wa mtoto wa jirani. Hakuna mji uliowahi kuwa na malaria yenye adabu namna ile. Mwaka huu Kinshasa wakakataa. Wanataka jina moja, lililoshinda mezani. Mmoja asipofika, wote wawili wanafutwa, na tiketi inakwenda mji mwingine.

Ndipo Shangazi Célestine alipoleta hekima yake. Jumamosi iliyopita, fainali ilipochezwa mara ya kwanza, alifunga kitenge chake kikubwa chenye majogoo kutoka dirishani mpaka msumari wa ukutani, katikati kabisa ya meza, ili mkwe na mkaza mwana wasionane. Kitenge kikashuka mpaka juu ya ubao. Kila mchezaji akawa anaona nusu yake tu. Ili waone upande wa pili, ilibidi Gracien ainue pindo, na Gracien, fundi mzuri wa mota za boti, alikuwa na haya. Akaliinua kidogo tu, kama mtu anayechungulia bafuni. Wakacheza hivyohivyo, wananyoosha shingo kama bata. Mapendo alikuwa anashinda. Alibakiza hatua moja na lile neno la kumwambia mzee kuhusu mfalme wake. Upepo wa ziwa ukaingia dirishani, kitenge kikavimba kama tumbo la mjamzito, kikazoa ubao wote, na wafalme wawili wakalala sakafuni majogoo yakiwafunika. Watu wakabishana ni mfalme gani aliyetangulia kuanguka. Prezida wa klabu akashika kichwa, akaahirisha. Mzee Jean-Berchmans aliutazama ubao mtupu kwa muda mrefu, akaubeba kwapani, akaondoka. Tangu hapo hakusema na mtu.

“Unaona vile amenyamaza?” Shangazi Célestine aliendelea, mdomo umejaa. “Ndugu yangu ananyamaza kwa mambo mawili tu. Akiumwa jino, na akivunjiwa heshima. Na meno hana tena.”

Gracien, aliyekuwa ameegemea mlango na bisibisi mkononi, akaona ni zamu yake kusaidia. “Bon. Minye naonaga hivi. Nakaa ku kiti, Mapendo anakaa nyuma yangu. Ananinong’oneza, minye nasukuma.”

“Utasukuma nini?” Mapendo aliuliza.

“Ile utasema.”

“Farasi anatembea namna gani, Gracien?”

Gracien aliitazama bisibisi yake. “Anakimbia.”

Mapendo akarudi kwenye kinu.

“Basi ushindwe,” Shangazi Célestine akasema kwa sauti ya upole, ile anayoitumia msibani. “Ushindwe kwa heshima, nani atajua? Anaenda Kinshasa yeye. Tiketi iko mu familia ile ile. Weye unabaki na mume wako, na watoto, na jina nzuri.”

“Atajua yeye.”

“Atajua nini?”

“Kama nimemwachia. Nikimwachia hata askari mumoja atajua, shangazi. Yule muntu najua vile anafikiri mpaka vidole vyake. Hiyo ndiyo itamvunjia heshima, kumfanya sawa mutoto mwenye kuonewa huruma.”

“Aa. Sasa weye ndiye wa kunifundisha ndugu yangu. Minye nilimbeba mugongoni.”

“Ulimbeba. Hamukucheza.”

Gracien alikohoa, akaugeukia ukuta. Shangazi Célestine akaacha kutafuna, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu asubuhi.

“Sikia nikueleze hesabu yenyewe,” Mapendo akasema, na akauweka mchi chini, kwa sababu aliogopa atakachofanya nao. “Minye nataka kwenda Kinshasa. Nasema wazi, sioni haya. Kama si mwaka huu, hawatanipigia simu tena, watachukua vijana. Lakini sitaki kwenda kwa kuwa mzee ameugua malaria ya kutengeneza. Nataka aketi pale, na miwani yake, anione, nimwone, tucheze. Akinishinda nitamfulia shati ya safari. Nikimshinda niende. Hii kitu iko nguvu wapi, ugumu wake nini? Iko nguvu wapi mpaka batu wote wa Rugenge waje jikoni kwangu kunieleza?”

“Iko nguvu hapa.” Shangazi alijigusa kifuani. “Desturi si kitenge, uifungue ukitaka upepo.”

“Kitenge ulifunga weye.”

“Nilifunga kwa kuwasaidia.”

“Ulifunga juu ya ubao, shangazi. Juu ya ubao. Ni kama kumfunga muntu kitambaa cha macho halafu unamwambia achambue mchele.”

Maneno mengine yalimfika ulimini, yale ya kuchoka kueleza, akayameza pamoja na mate. Alijua yanakompeleka mtu. Yanampeleka kwenye duka la sufuria. Akakaa vizuri kwenye kibao chake ili aeleze tena, kwa mara ya ngapi hakuna aliyekuwa anajua, kwamba mchezo si vita, kwamba mfalme ni kijiti, kwamba heshima iko mu moyo na macho ni ya kutazamia. Lakini Shangazi Célestine hakumpa nafasi. Alikuwa amesimama, anafunga upya kilemba, dalili ya mtu anayekwenda kuharibu kitu mahali pengine.

“Nimemaliza,” akasema. “Ukikaa mbele yake kesho, minye sikanyagi tena mu nyumba hii.”

Mapendo akaona hiyo nayo ni zawadi ya mashindano.

“Na si hilo tu. Naenda kwake sasa hivi, kwa miguu yangu na vidonda vyangu. Nitamwambia abaki nyumbani. Jina lake lifutwe, lako lifutwe, tuone nani atapanda ndege. Weye unadhani hatanisikia? Ananisikia tangu tukichota maji ziwani. Nikimwambia lala, analala. Nikimwambia usiende, ha—”

Gracien aliruka pembeni kama aliyechomwa na moto. Mlangoni palikuwa na Mzee Jean-Berchmans, ameinama ili paji lisigonge boriti, ubao kwapani na kisanduku cha kete mkononi. Hakubisha hodi. Baba mkwe haingii jikoni kwa mkaza mwana, jambo hilo linajulikana mpaka na kuku, na kuku aliyekuwa mlangoni akatoka mbio. Mzee akaingia. Akachukua beseni tupu la sombe, akaligeuza, akaweka ubao juu yake mbele ya Mapendo. Akaisogeza sahani ya mihogo kwa mguu, akavuta kigoda, akakaa.

Mapendo akainamisha macho, kama ilivyo desturi, na kwa kuinamisha macho akaona ubao.

Mzee alikuwa anapanga kete. Hakuzipanga kama watu wanavyoanza mchezo. Alikuwa anaziweka moja moja, polepole, bila kukosea: mnara pale, farasi pale, malkia wa Mapendo amekwisha kushuka mpaka kwenye mlango wa mfalme wake yeye mzee, ambaye hana tena pa kukimbilia. Ni ubao wa Jumamosi, vilevile ulivyokuwa kabla ya upepo. Alipomaliza akavaa miwani, akaweka mikono juu ya magoti, akainua uso akamtazama mkaza mwana wake moja kwa moja, na akangoja.

Zamu ilikuwa ya Mapendo, na hatua iliyobaki ni ileile moja. Shangazi Célestine alikuwa bado amesimama, kilemba kimefungwa upande mmoja.