Matanga ya Bibi Aliyekwenda Qantab Kula Samaki

Bora mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjaletewa na watu wengine na chumvi zao (na Maskati hii, ukiwa na asili ya Unguja, habari itakufikia tu): mimi ndiye niliyemuua bibi yangu. Sikumgusa hata kidogo. Nilimuua kwa kalamu, kwa mwandiko mzuri, juu ya kadi nyeupe, na nukta ya mwisho niliiweka.

Aibu ile haijanitoka mpaka leo. Juzi tu nimeingia kwenye harusi hapa Bawshar, mama mmoja nisiyemjua akamgusa mwenzake kiwiko, "Ndo huyu," na wote wawili wakaacha kula wakanitazama.

Yalianza na Lucía. Lucía ni mwanafunzi kutoka Meksiko, alikuja Maskati kusoma Kiarabu, chuo chetu kikamtafutia familia ya kukaa nayo, ikawa yetu, mtaa wa Ansab, chumba cha juu. Bibi yangu, Bi Moza, mama yake baba, alimpenda tangu wiki ya kwanza, maana aliingia jikoni akamkuta anakanda unga bila ya kuambiwa na mtu. Walikuwa wakielewana kwa Kiarabu cha kuokoteza, Bibi akitia Kiswahili chake na Lucía akitia Kihispania chake, na mimi nikipita nawasikia wanacheka, nikiuliza wanacheka nini siambiwi.

Basi chuo kikatangaza siku ya mataifa, kila mwanafunzi wa nje apewe meza aoneshe mila za kwao. Lucía akachagua kuonesha jinsi kwao, mwanzoni mwa Novemba, watu wanavyowakumbuka wafu: hupanga meza kwa ngazi, wakaweka picha za marehemu, maua, mishumaa, mikate na vyakula ambavyo wenyewe walivipenda, kisha wakakaa wakiwasimulia na kucheka kama kwamba wamo mle ndani. Pembeni yake angefundisha Kihispania kidogo kwa atakayetaka. Mimi, kwa kuwa naandikia jarida la chuo na najiona mwandishi wa habari kamili, nikajiteua msaidizi wake. Na nilimshauri vizuri, msidhani sina akili: mafuvu ya vichwa ya sukari, ambayo kwao huwekwa mezani, nilimwambia yabaki nyumbani, mishumaa iwe ya betri, na maua ya rangi ya machungwa tukayafuata Ruwi kwa Mhindi anayeuza mashada. Yote alikubali.

Tatizo lilikuwa picha. Lucía alikuwa nayo moja tu, ya babu yake, mzee mwenye kofia pana amesimama mbele ya duka la mikate. Ngazi tatu, picha moja! Sasa mimi kitu kikiwa na nafasi tupu katikati hunikera mpaka nikakosa raha, nikasema ngoja nimletee picha ya Babu yangu, Mungu amrehemu, ili mzee wa Meksiko apate mwenzake. (Angalieni jambo lenyewe lilivyokuwa dogo. Picha. Ya kujazia nafasi.)

Picha nzuri ya Babu tuliyonayo ni moja, amekaa kwenye kochi siku ya Idi, na pembeni yake amekaa Bibi. Nilifikiria kumkata Bibi. Nikaona picha itaharibika, na kumpitishia mkasi mtu aliye hai tena si adabu. Nikaiacha ilivyo. Kisha nikaiandikia kadi, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, na hapa ndipo watu huniuliza nilikuwa nafikiri nini. Sikuwa nafikiri, nilikuwa nafuata kanuni. Mwandishi akiandika maelezo ya picha huwataja wote waliomo, kwa majina kamili, kutoka kushoto kwenda kulia. Nikawataja wote, Bwana Salim na Bi Moza, na majina ya baba zao na ya kabila. Na juu ya meza tayari palikuwa na bango kubwa, kazi ya mkono wangu pia: "Waliotutangulia mbele ya haki."

Nikarudi nyuma kidogo, nikaitazama meza, nikaridhika. Imejaa.

Siku yenyewe watu walifurika. Lucía alivaa blauzi nyeupe iliyotariziwa maua kifuani, anawafundisha wasichana kusema "abuelo", yaani babu, na "pan", yaani mkate, wanarudia wanacheka, wanapiga picha na maua, wanapisha wengine. Mimi nilikuwa na kamera ya chuo, simu yangu nimeizima sauti nimeitumbukiza mkobani. Akapita Mama Thurayya, jirani yetu wa Ansab, ambaye binti yake anasoma pale. Nilimwona akisimama mbele ya picha ya kochi, akasoma kadi, akaweka mkono kifuani, akaisoma tena. Akanijia akanikumbatia kwa nguvu, macho yamejaa machozi.

"Mwanangu nyinyi, hamsemi!"

Nikadhani ameguswa na kazi yetu. "Ahsante sana," nikamjibu, "tumejitahidi." (Tumejitahidi! Wallahi ndivyo nilivyomwambia.)

Akanitazama kwa mshangao, akaondoka, simu mkononi.

Alasiri, tulipokwisha kukunja vitambaa, ndipo nilipotoa simu yangu. Ami Nasor, ndugu yake baba, alikuwa amenipigia mpaka amechoka. Namba za Unguja, namba za mji wa Sur, watu ambao hunipigia Idi kwa Idi. Nikafungua kundi la familia: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Bi Moza hatunaye." Chini yake vilio na dua, mmoja anauliza maiti anasaliwa msikiti gani, na shangazi yangu wa Unguja anaomba atafutiwe nafasi kwenye ndege.

Nilikaa sakafuni. Na msicheke, maana mimi niliamini! Haikunijia hata kwa mbali kwamba habari ile nimeiandika mwenyewe. Asubuhi Bibi na Mama walikuwa wametoka kwenda Qantab, kwa rafiki yake Bibi anayekaa karibu na bahari, na mimi nikaiona barabara ile ya majabali, nikaona gari limepinduka, nikaona kila kitu. Nikampigia Mama, hapatikani. Nikampigia Bibi, hapatikani. (Kule Qantab simu hushika na kuachia, jambo ninalolijua miaka yote, lakini lilinitoka kichwani.) Nikaendesha gari nalia, Lucía pembeni ananifuta machozi nipate kuona njia, na yeye mwenyewe analia, anasema maneno ya kwao ambayo sikuyaelewa.

Nyumbani magari yamejaa pande zote mbili za njia. Wanaume wamekaa kwenye viti uani, wanawake wamejaa ukumbini. Baba alikuwa Salalah kikazi, na Ami Nasor ndiye aliyekuja na ufunguo akawafungulia watu, na sasa yuko barazani macho mekundu, simu sikioni, anaitafuta maiti ya mama yake. "Kila hospitali wananambia hawana jina lake," akaniambia. Vijana walikuwa wameshatangulia makaburini kuchimba. Kila mmoja alidhani mwenzake anajua marehemu yuko wapi.

Nikajitupa kwa Mama Thurayya. "Kafa lini? Kafia wapi?"

Akanishika mabega akanisogeza mbele yake anitazame. "Lini? Wewe ndo wa kutwambia, Rayya. Mie nimesoma kwenye kadi yako."

"Kadi ipi?" nikauliza, na nilikwisha kujua kadi ipi. Akanionesha kwenye simu, alikuwa ameipiga picha. Mwandiko ulikuwa mzuri kweli.

Sikuwahi kufungua mdomo. Gari la Mama liliingia getini, na akateremka Bibi, mfuko wa samaki mkononi. Akaviona viti. Akawaona wanaume wanasimama mmoja mmoja, mzee mmoja ameanza kusoma audhu. Akatuona sisi tumeziba mlango. Mfuko ukamponyoka.

"Nani? Nani kafa kwangu? Nasor? Nasor wangu?" Akakaa pale pale kwenye mawe.

Ami alitoka mbio barazani kama mtoto. "Mama! Mie huyu hapa!" Akamkumbatia, akalia kwa sauti mbele ya wanaume wote wale, na Bibi anampiga mgongoni.

"Kama wewe mzima unalia nini? Nani basi kafa?"

"Wewe, Mama."

"Mie nini?"

"Wewe ndo ulokufa."

Nakwambieni, sijapata kuona watu wakilia, wakicheka na kumshukuru Mungu kwa pumzi moja kama siku ile. Mtu akapiga simu makaburini. Kaburi lilikuwa limefika magotini, wakaambiwa walifukie.

Bibi akaingizwa ukumbini, halafu ikaja hasira. Simu ikapitishwa mkono kwa mkono mpaka ikamfikia Ami, akamwona mama yake mzima kati ya mishumaa na mashada. Hakunigeukia mimi. Alimgeukia Lucía, aliyesimama chini ya ngazi.

"Picha ya mama yangu yu hai, maua, mishumaa, kawekwa na wafu! Uchawi gani huu? Tumemtia ndani mtoto wa watu, anakula kwetu, kumbe anatufanyia haya? Akusanye vitu vyake. Leo hii alale kwengine, na kesho nnakwenda chuoni kwao wamrejeshe alikotoka."

Wanawake wakanong'ona. Mmoja alimvuta mwanawe karibu. Na lile la kurejeshwa halikuwa tishio tupu, maana chuo kilikwisha kusema kwamba mwanafunzi atakayelalamikiwa na familia yake masomo yake yamekwisha. Lucía hakuelewa maneno yote, lakini kidole alikielewa. Aligeuka akaanza kupanda ngazi kwenda kuchukua sanduku lake.

Nilimwacha apande ngazi mbili tatu. Mbili tatu tu, lakini nilimwacha. Kisha sauti ikanitoka nyembamba kama ya kifaranga: "Ami, ni mimi. Picha nimeileta mimi, kadi nimeandika mimi. Yeye hakujua hata nani aliye hai nani amekufa."

"Kwa nini ukamwandika bibi yako pamoja na wafu?"

"Kwa sababu… alikuwa kulia."

"Alikuwa nini?"

"Kulia kwa Babu. Kwenye picha. Lazima uwataje wote."

Mama akajifunika uso kwa ushungi.

Bibi alikuwa amekwisha kuketishwa, amekunywa maji. Akaomba simu, akaikuza picha kwa vidole. "Na huyu mzee mwenye kofia, nani?"

"Babu yake Lucía."

"Kafa lini?"

Kadi ya mzee yule nilikuwa nimeiandika mimi pia: jina lake, kazi yake, mji wake, nilimwuliza Lucía hata jina lile linaandikwa kwa herufi gani. Lini, sikumwuliza. Nikamwuliza pale pale, kwa Kiarabu, yeye yuko juu ya ngazi.

"Mwezi wa nane," akasema.

"Mwezi wa nane?" Mama akasema polepole. "Si ulikuwa hapa kwetu mwezi wa nane?"

Ndiyo, alikuwa hapa. Akatusimulia, maneno yanamkatika, kwamba maziko aliyaona kwenye simu, chumbani, na alipoteremka alitukuta tunakula, Ami anahadithia kisa chake tunacheka, akaona asituharibie chakula. Nikaikumbuka siku ile. Aliosha vyombo vyote peke yake, na mimi nilimpiga picha, kwa ajili ya jarida: mgeni wetu anajifunza maisha ya nyumba ya Kiomani.

Niliposoma kwamba Bibi amekufa nilishtuka. Hapa nilitamani ardhi inimeze.

"Kafiwa ndani ya nyumba yangu," Bibi akasema, "na hapana hata mtu alompa mkono." Akamtazama mwanawe. "Nasor. Mfiwa ndo unomtoa nyumbani?"

Ami akainamisha kichwa.

"Na nyie, si mmekuja matangani? Basi mfiwa yupo. Teremka mwanangu, njoo ukae hapa." Akamkalisha mkekani ubavuni pake, akamshika mkono. "Kwenu mtu anapewaje pole?"

"Te acompaño," Lucía akajibu. Maana yake, akasema, nimefuatana nawe, niko nawe.

"Te akompanyo," Bibi akasema, kwa ulimi wake wa Kiunguja. Kisha Mama. Kisha Mama Thurayya (huyu machozi hayahitaji kuombwa), na nyuma yake wote waliokuwamo ukumbini, mmoja baada ya mmoja, wanainama, wanatoa mkono, "te akompanyo, te akompanyo", wanawake ambao Kihispania hawajapata kukisikia maisha yao. Na Lucía, ambaye tangu nimjue hucheka tu, aliangua kilio mapajani mwa Bibi, kwenye kanga iliyonuka samaki. Ami alifika mlangoni, asiingie, akampa pole kwa Kiarabu, akaenda mwenyewe kuleta birika la kahawa.

Nikasogea na mimi nitoe mkono wangu. Bibi akanizuia kwa jicho.

"Wewe mwandishi, kasimame getini. Watu wanazidi kuja. Waambie alofiwa nani."

Nikasimama getini mpaka adhana ya isha. Magari yanafika, watu wanashuka na vilio vyao tayari, na mimi nawapokea: "Karibuni. Bi Moza mzima, alhamdulillahi. Aliyefiwa ni Lucía, mgeni wetu. Kafiwa na babu yake, mwezi wa nane." Wengine walidhani msiba umenirusha akili. Bibi mmoja mzee alinishika paji la uso aone kama nina homa, nikamweleza tena tangu mwanzo, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwezi wa nane," akasema. "Na nyinyi mlikuwa wapi siku zote hizo?"

Akaingia ndani bila ya kungoja nimjibu. Jarida la chuo nimeliacha. Na siku hizi, kabla sijamwuliza mtu jina lake linaandikwa vipi, namwuliza kwanza kwao hawajambo, na nikishauliza nakaa kimya mpaka anijibu.